Mshika Mpira Hapumui

Saa mbili kasorobo asubuhi Mjomba alikuwa amepiga magoti kwenye chelezo, akiipaka mashine povu la sabuni. Hakuwa akiiosha. Povu hupakwa kwenye viungio vya mpira wa hewa, na pale linapochemka ndipo hewa inapovuja. Siku hiyo lilichemka mahali pawili. Kiungio cha kwanza alikikaza kwa bisibisi, cha pili akakifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kisha akasikiliza kwa sikio la kushoto, maana la kulia lilipasuka zamani, wakati yeye mwenyewe alikuwa mzamiaji.

Mashine yenyewe ilikuwa kompresa ndogo ya petroli, ya kubebwa na watu wawili, imekaa katikati ya boya la duara. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuvuta hewa ya juu na kuisukuma chini kwa mpira wa njano wa mita arobaini mpaka kwenye kidomo, yaani kile kipande anachokiuma mzamiaji kwa meno. Mzamiaji wa bwawa lile alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye ofisi nzima ilimwita Kambare. Mara mbili kwa wiki Kambare alishuka mita kumi na moja hadi kwenye mdomo wa bomba kuu, akaondoa magugu, mifuko na ndala zilizoziba nondo za wavu, na mji ukapata maji. Asiposhuka, siku ya tatu mabomba ya mji yalianza kukohoa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo sawa. Ukishiba utawatapikia samaki."

Mjomba akafungua koki ya chini ya tangi kumwaga maji yaliyojikusanya, akapima oili, akaminya beliti kwa kidole gumba. Bomba la kuvutia hewa alilisimamisha upande unakotoka upepo, mbali na moshi wa ekzosi. Petroli akaijaza hadi shingoni, kwa sababu mtu akiwa chini mafuta hayaongezwi. Mwisho akaitazama filta, na hapo akaguna kama kawaida yake.

Filta ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Ile ilikuwa na mwaka na miezi minane. Kila Jumamosi Mjomba aliitoa, akaikung'uta, akaianika juani kwenye kamba moja na mashati yake, akairudisha. Alikuwa amejaza fomu kumi na moja za kuomba nyingine. Zote zilirudi zimeandikwa kwa wino wa kijani: *Imeshabadilishwa, tazama daftari.* Na kweli, kwenye daftari la stoo filta ile ilikuwa imebadilishwa mara sita. Mtunza stoo alikuwa mtu wa utaratibu. Kila tarehe mbili Januari alikaa na kalamu yake akaweka tiki za matengenezo ya mwaka mzima, mpaka Desemba, ili kazi isije ikamlimbikia.

Kazi ya kuzamia kwa mpira ina sheria mbili. Ya aliye chini ni kwamba habani pumzi. Hewa ya mashine imesindiliwa kwa nguvu. Ukiibana kifuani halafu ukapanda, inavimba na kukupasua. Unavuta, unatoa, unavuta, unatoa, kama mtu aliyelala. Sheria ya aliye juu ni kwamba mshika mpira hapumui mpaka mwenzake atoke. Maana yake hazungumzi, hapokei simu, hageuki kumtazama anayepita. Anaushika mpira kwa mikono miwili na kusikiliza: mvuto mmoja, salama; miwili, nipe mpira; mitatu, panda. Mjomba alijiruhusu pipi moja ya mnanaa tu, kwa ajili ya koo. Mtaani waliposikia kazi yake ni mshika mpira walimuuliza jana kafungwa mangapi, naye hakuwahi kucheka.

"Pumzi?" Mjomba aliuliza, kama alivyouliza kila mara.

"Sibani. Na juu?"

"Sipumui."

Kambare akauma kidomo, akashuka.

Saa nne na dakika ishirini mashine ilikohoa mara mbili, ikazima. Zilikuwa ringi za pistoni, zilizoombwa kwenye fomu ya nne. Mjomba alivuta mpira mara tatu. Kule chini Kambare aliisikia mivuto, akaijibu, akageuka apande, na hapo akakuta mpira umepita katikati ya nondo mbili na kunaswa na springi za godoro la zamani. Alianza kuunasua polepole, maana mpira unaovutwa kwa pupa ni mpira uliokatika. Ilimchukua dakika kumi na nne. Tangi la mashine lina akiba ya hewa ya dakika moja na nusu.

Kambare hakujua kwamba mashine imezima. Aliendelea kupumua. Alichogundua ni kwamba hewa imekuwa ya uvuguvugu, haina ile harufu ya mafuta aliyoizoea, na inanukia mnanaa.

Alipotoka alimkuta Mjomba amekaa, miguu ameinyoosha, mpira mikononi, midomo imekuwa rangi ya jivu. Kamba ya kuwashia mashine ilikuwa imekatika kando yake.

"Imezima saa ngapi?"

"Nne na ishirini."

Kambare akaitazama saa yake. Ilikuwa nne na dakika thelathini na sita.

"Ulikuwa unakula pipi?"

"Nilikuwa nayo mdomoni."

"Nimeisikia harufu yake."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu, akairudisha bisibisi kwenye mfuko wake. "Basi ni kifua changu," alisema. "Si nilikwambia mshika mpira hapumui."

Wazamiaji wa zamani walipimana vifua kwa kiberiti. Unawasha njiti, unanyoosha mkono mpaka mwisho, unapuliza mara moja. Mjomba hakuwahi kushindwa tangu ujana wake, hata baada ya sikio kupasuka. Sasa akawasha njiti, akanyoosha mkono, akapuliza. Moto uliinama, ukainuka tena. Akakunja mkono kidogo, akapuliza, ukazimika.

"Kimepungua kipande," alisema, akaanza kukunja mpira kwa duara zilizolingana, kama inavyotakiwa.

Kambare aliandika ripoti ya kurasa mbili na kuipeleka mwenyewe kwa mkuu wa mitambo. Mkuu alikuwa mtu mwema. Aliuliza habari za nyumbani, akamwambia akae, akasoma kurasa zote mbili bila kuruka mstari.

"Kwa hiyo mashine ilizima."

"Ndiyo, mkuu."

"Na hewa ikaendelea."

"Iliendelea."

"Na wavu?"

"Wavu ni safi."

Mkuu akaweka karatasi mezani, akazilainisha kwa kiganja. "Sasa binti yangu, tatizo liko wapi hasa?"

"Tatizo, hewa inatoka kwa Mjomba."

"Mjomba wako si mwajiriwa wetu?"

"Ni mwajiriwa."

"Basi inatoka ofisini," alisema mkuu, na kwa upole akamrudishia nakala yake.

Kesho yake gari lilikuja kuchukua mashine kwa matengenezo. Mjomba alisaidia kuipakia, akawaonyesha wapi pa kushika ili bomba la kuvutia hewa lisipinde. Ofisi iliagiza pia akapimwe zahanati. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaweka sikio tena. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, *anafaa* na *hafai*, na Mjomba alikuwa ameingia mle kwa miguu yake mwenyewe. Daktari akaweka alama kwenye *anafaa*, akampa dawa ya kikohozi.

Tangu hapo Mjomba alikaa kwenye chelezo peke yake, ncha ya mpira imelala mapajani mwake, wazi, haikuunganishwa na kitu. Hewa ilishuka vizuri. Kambare aliivuta kule chini huku roho yake iko juu, na kila pumzi yenye mnanaa ilimuuma kama kitu alichokiiba. Huyu ndiye aliyemfundisha kuogelea. Baba yake alipoondoka na asirudi, huyu ndiye aliyekuja na godoro lake, akahamia chumba cha uani na kusema amekuja kwa wiki moja. Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Kambare alimpenda, na kila Jumatatu na Alhamisi alimpunguza.

Wiki ya tatu mashati yalianza kumpwaya. Wiki ya tano aliacha kumaliza sentensi ndefu, akabaki na fupi, na za utani akazipa kipaumbele. Njiti sasa ilizimika mkono ukiwa umekunjwa kiwikoni.

Siku moja Kambare alizunguka nyuma ya ofisi kutafuta choo, akaiona mashine. Ilikuwa chini ya kibanda cha magari, ikijaza upepo matairi ya gari la mkuu. Ilikuwa imepigwa rangi. Ringi zilikuwa mpya, unazijua kwa sauti. Filta ilikuwa mpya pia.

Siku ile ile alimwambia mkuu hashuki tena. Mkuu alisema anaelewa kabisa. Siku ya tatu mabomba ya mji yakakohoa, ya nne yakanyamaza. Zahanati iliwarudisha nyumbani kina mama waliokuja kujifungua. Majirani waliokuwa wakimsalimia mama yake kwa vicheko sasa walimsalimia kwa kidevu. Siku ya tano Mama alirudi kutoka kwenye foleni na ndoo tupu, akaiweka katikati ya sebule, na wote watatu wakakaa wakiizunguka kama mgeni aliyekataa kusema kilichomleta.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema Mama mwishowe. "Lakini hili wala hatukulichuma sisi."

"Twende," alisema Mjomba. Ilikuwa sentensi yake ndefu ya siku hiyo.

Ofisi, kwa kuonyesha nia njema, ilimleta mtunza stoo ashike mpira ili Mjomba apumzike. Alikuja na kiti chake cha kukunja. Kambare alishuka mita tatu, akavuta, akakuta hakuna kitu, kama anayenyonya mrija kwenye chupa iliyokwisha. Akapanda juu akikohoa. Mtunza stoo alikuwa na mpira kwapani na simu sikioni.

"Mimi nimeshika!" alisema, ameudhika. Na kweli alikuwa ameshika.

Mjomba, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa bwawa, alitabasamu. "Hana wasiwasi na wewe," alimwambia mpwa wake. Akapumzika kidogo. "Mimi tangu uzaliwe. Sijapata raha. Hata siku moja."

Basi Kambare akaona pa kupitia. Kama hewa inatoka kwenye wasiwasi, dawa ni kumtoa Mjomba wasiwasi. Alhamisi ile alimwambia maji ni maangavu, wavu hauna kitu, anashuka kutembea tu. Akamwigizia mtunza stoo anavyoweka tiki, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Chini, mita ya sita, hewa ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikakatika. Kambare alivuta mpira kwa nguvu. Juu, Mjomba alishtuka, moyo ukamwenda mbio, na hewa ikarudi yote kwa mkupuo, ya moto. Siku hiyo njiti ilizimika kwa umbali wa shibiri moja. Kambare hakuigiza tena.

Akajaza fomu ya kumi na mbili. Aliandika kwa herufi kubwa: filta, ringi za pistoni, plagi, beliti, au mashine yenyewe irudi. Kwa kuwa mstari mmoja ulibaki wazi, na kwa kuwa kupima kila siku kulikuwa kumemaliza njiti nyumbani, akaongeza chini kabisa: kiberiti.

Jumatatu iliyofuata Mjomba aliwasha njiti ya mwisho. Aliisogeza mpaka ikakaribia kuunguza masharubu, akapuliza. Moto haukutikisika. Akapuliza tena. Njiti iliungua taratibu mpaka vidoleni, naye akaiachia ikaanguka majini.

"Iliyobaki ni ya kwangu tu," alisema. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza kilichobaki kwenye debe.

Kambare alimbeba mgongoni hadi nyumbani. Alikuwa mwepesi kama koti. Walimlaza karibu na dirisha, na hapo akabaki, akitumia pumzi zake chache kwa uangalifu: kusema ndiyo, kusema hapana, na mara moja kwa siku kumwita Kambare kwa jina lake halisi. Kambare alikaa kitandani kwake akalia kwa sauti. Mjomba alimwangalia, akainua kidole kimoja kama anayevuta mpira. Salama.

Alhamisi Mama aliamka mapema, akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya plastiki.

"Mama, hapana."

"Hapana nini? Anatakiwa mwenye wasiwasi, si ndivyo? Mimi ninao wa kutosha, na wa kumgawia jirani."

"Utaisha kama Mjomba."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema Mama, akichukua kapu. "Kama kuna mwingine anayeujua, mlete akae pale badala yangu. Hayupo? Basi twende, jua lisitukute njiani."

Walipofika bwawani walimkuta mtunza stoo anawasubiri kwenye chelezo, na daftari lake, na ile fomu ya kumi na mbili. Alimwamkia Mama kwa adabu zote, akamfutia mahali pa kukaa kwa leso yake. Kisha akasoma majibu. Filta: imeshabadilishwa, tazama daftari. Ringi, plagi na beliti: mashine iko kwenye matengenezo. Mashine irudi: ikishapona. Kiberiti: kimeidhinishwa.

Akatoa mfukoni kiberiti kipya, bado kimefungwa karatasi, akamwonyesha Kambare pa kutia sahihi. Kambare akatia. Hapo ndipo alipoona kwamba kwenye daftari, baada ya safu ya *Filta imebadilishwa*, mtunza stoo alikuwa amechora safu nyingine kwa rula. Juu yake aliandika *Mshika mpira amebadilishwa*. Tiki ya kwanza ilikuwa ya siku hiyo. Zilizofuata zilipangwa miezi mitatu mitatu, hadi mwisho wa mwaka.

"Nimeshakuwekea zote," alisema mtunza stoo kwa ukarimu. "Isije ikakulimbikia."

Kambare alizihesabu tiki. Kisha, bila kutaka, akahesabu watu. Baada ya Mama kulikuwa na shangazi mmoja, na baada ya shangazi binamu mwenye pumu.

Mtunza stoo akafunga daftari, akaaga. Mama alikaa, akaiweka ncha ya mpira mapajani, akafungua kiberiti. Alifuata alivyoelekezwa na kaka yake: akawasha njiti, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akapuliza mara moja. Njiti ikazimika bila hata kuchezacheza.

"Unaona?" alisema Mama, na uso wake ulijaa fahari. "Mpaka ng'ambo ya bwawa ingezimika." Kisha akakumbuka lililobaki. "Ameniambia nikuulize. Pumzi?"

"Sibani," alisema Kambare. "Na juu?"

"Sipumui."

Kambare akauma kidomo, akashuka. Mita ya pili, ya tano, ya tisa. Maji yalikuwa ya kijani, halafu ya kahawia. Alipofika kwenye nondo alishika ya kwanza kwa mkono wa kushoto, akavuta hewa nusu. Ilikuwa na uvuguvugu, inanukia sabuni ya kipande na chai ya asubuhi. Hakuitoa. Aliibana kifuani, akahesabu mpaka thelathini huku mkono wa kulia ukichambua magugu, akahesabu mpaka arobaini, mpaka masikio yakaanza kuvuma, ndipo akavuta nyingine, ndogo zaidi.

Juu, mpira ulivutwa mara moja. Mama alitaka kujua kama ni salama. Kambare akajibu.